Majivu ya Mzee wa Betri

Jumamosi, tarehe 6 Aprili. Jana jioni mvua ya upepo iling'oa mabati mawili ya jirani, na leo tangu asubuhi mbingu imekuwa nzito, haijanyesha wala haijafunguka. Joto la kubana shingo.

Leo nimemwona Mzee wa Betri. Nilikuwa nimejiapia kwamba siku nikimwona nitamuuliza swali moja tu, na nimemuuliza, na amenijibu. Lakini kabla sijaandika alichojibu nataka kumwandika yeye mwenyewe, mtu mzima, mabaya yake na mazuri yake, kwa sababu hasira yangu ni kubwa na ninaogopa isishike kalamu peke yake. Mimi niliishia darasa la saba. Sijui kupanga maneno kama watu wa vitabu. Lakini kumsingizia mtu, hata mtu ninayemchukia, hilo sitaki.

Na ninamchukia. Liandikwe mapema nisionekane ninajificha. Mtoto wangu Akinyi ana miaka minane, na katika damu yake kuna sumu ya risasi, ile metali laini nzito iliyo ndani ya betri za magari. Ilitoka kwenye moto wa yule mzee. Jinsi ilivyotoka kule ikafika kwenye mdomo wa mtoto wangu, hapo ndipo kuna swali langu, na hapo ndipo ninapokosa usingizi.

Hapa Obunga, mtaa wetu wa Kisumu, alikaa ng'ambo ya mfereji, hatua kama sitini kutoka mlango wangu. Kazi yake ilikuwa kununua betri zilizokufa. Zilikuja za pikipiki, za malori, za matrekta ya miwa kutoka Muhoroni, zile kubwa za kubebwa na watu wawili. Alizipasua kwa shoka. Maji yake makali aliyamwaga mferejini, halafu mabamba ya ndani akayayeyusha kwenye sufuria nyeusi juu ya rimu ya lori iliyojaa makaa, huku mkono mmoja ukizungusha feni ya kuvuvia moto. Risasi ikishakuwa maji aliondoa povu la juu kwa kijiko kirefu, akalipiga pembeni ya rimu, likaangukia kwenye majivu. Kisha akamimina kwenye kalibu. Vilitoka vipande virefu kama kidole, vyenye tundu katikati, vya kuzamishia nyavu. Wavuvi wa fukwe zote za karibu walikuja kwake, kwa sababu wavu usio na vile vipande unaelea juu ya maji kama shuka.

Kwa hiyo hakuwa mwizi wala mvivu. Samaki wengi waliokaangwa katika mtaa huu walivuliwa kwa uzito alioutengeneza yeye. Hata mimi, ninayeuza mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki wa mbuta iliyobaki viwandani baada ya minofu kuchukuliwa, nilikula kutokana na ziwa lile lile. Nimeliandika.

Sura yake ilikuwa ya mtu aliyepakwa vumbi la penseli. Mikunjo ya viganja ilikuwa ya kijivu na haikutoka kwa sabuni. Akicheka, na alicheka ovyo, hata matangani, ungeona kwenye ufizi wake mstari mwembamba wa buluu, kama mtu aliyefuata meno kwa kalamu. Tulisema ni tumbaku. Yeye hakuwahi kuvuta tumbaku. Tulijua hilo na bado tukasema ni tumbaku.

Alinitania tangu siku ya kwanza aliponiona na daftari. "Mwalimu," aliniita, "mwalimu wa darasa la saba, leo umeandika nini? Umeandika jua limetoka?" Na wavuvi waliokaa pale kwake wakisubiri mizigo yao wakacheka. Kila mara nilipita na kila mara alikuwa na neno. Nikivaa gauni jipya, Mwalimu amepandishwa mshahara. Nikibeba maji, Mwalimu anakwenda kusahihisha ziwa. Sikujua namna ya kumjibu. Majibu hunijia nikiwa jikoni, mtu akishaondoka.

Mara moja tu nilimjia kwa ukali kabla ya haya mambo. Upepo ulikuwa umegeuka, moshi wake wa manjano ukatua kwenye samaki wangu waliopangwa mezani. Nikavuka mfereji.

"Jaduong'," nilisema, maana huyo ni mtu mkubwa na huwezi kumwita vingine, "moshi wako unalala juu ya chakula ya watu."

Hakusimamisha feni. "Hewa haina mwenyewe, Mama Akinyi."

"Lakini moshi uko na mwenyewe."

"Sawa. Na ile yako iko na nani? Asubuhi unawasha moto na nini? Si karatasi ya nailoni? Si kipande ya tairi? Mimi naiona kutoka hapa, nyeusi kama shetani. Nani alikuja kwako akakuambia moshi yako inalala?"

Wavuvi wakapiga makofi. Nikarudi. Alikuwa amesema kweli, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Nilikuwa ninawasha kwa nailoni. Nimeacha tangu daktari aanze kuniuliza maswali, lakini siku za mvua kuni zikikataa mkono bado unakwenda kwenye mfuko wa takataka, na mara mbili haukurudi mtupu.

"Hewa haina mwenyewe" lilikuwa neno lake la kila siku. La pili lilikuwa "ziwa linameza." Ukimuuliza yale maji ya betri anayomwaga yanakwenda wapi, ziwa linameza. Maganda ya betri, ziwa linameza. Lakini kati ya mfereji wake na ziwa kuna sisi, kuna bustani zetu za sukuma wiki, kuna watoto wanaokimbiza mipira. Hapo katikati hakuwa na neno.

Kuna habari ya bata. Jirani mmoja alikuwa na bata watano waliozoea kushinda mferejini. Wakaanza kwenda upande, shingo zikalegea, wakafa wote katika juma moja. Kabla yule jirani hajamaliza kulia, Mzee wa Betri alikuja na bata sita wakubwa ndani ya kapu. Hakuambiwa alipe. Hakuna aliyemshtaki. Akaweka kapu chini akasema, "Wafungie ndani, usiwaache wateremke huko." Mtaa mzima ulimsifu. Mimi pia nilimsifu, niliandika katika daftari la mwaka ule kwamba huyu mzee mdomo ni mchafu lakini moyo hauna shida. Sasa nikisoma ukurasa ule ninaona kitu kingine. Mtu asiyejua kilichoua bata angebishana kidogo.

Na kuna mafuriko. Hili nimelizunguka nisiliandike, lakini lisipokuwepo basi daftari hili ni la uongo. Akinyi alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mfereji ulifurika mchana, maji yakaingia nyumbani mwangu nikiwa kiwandani nimepanga foleni ya mifupa, na msichana niliyemwachia mtoto alikimbia akiokoa nguo zake. Mzee wa Betri aliingia maji ya kifuani akamtoa mwanangu akiwa amesimama juu ya meza analia. Nilimkuta amembeba begani mahali pakavu, anamwimbia kitu cha kuchekesha kuhusu kiboko. Alikuwa ameumia mguu kwa bati. Nilipomshukuru akasema, "Mwalimu, nyumba yako imejaa maji, sasa utaoga bila kulipa." Nilicheka nikilia.

Mtu yule yule. Nimejaribu kumgawa wawili nikashindwa.

Sasa nguo. Kila mwisho wa mwezi alikwenda Awasi, kwa binti yake, kuona wajukuu. Wale wajukuu hawakuwahi kuja Obunga, hata siku moja, na sisi tulidhani binti ni wale wanaodharau mahali baba anapokaa. Siku ya safari aliamka mapema, akaoga nyuma ya nyumba kwa sabuni ya mche nzima, akasugua kucha kwa gunzi la muhindi. Kisha akavaa suruali na shati vilivyowekwa ndani ya sanduku la bati, sanduku lililofunikwa nailoni, na viatu ambavyo havikukanyaga kiwanja chake. Viatu hivyo alivibeba mkononi mpaka barabarani akavivaa huko. Alitoka pale kama mzee wa kanisa. Wanawake tulisema, tazama mtu anayeheshimu wakwe. Mimi nilimtolea mfano kwa Baba Akinyi, ambaye huendesha trekta la miwa kule Muhoroni na hurudi nyumbani na mafuta hadi kwenye nyusi.

Na maziwa. Saa nne kila asubuhi alikunywa nusu lita, kazi ikiwa imesimama, amekaa mbali na moto. "Maziwa inateremsha moshi," alisema. Kwa nini mtu ateremshe kitu kisichomdhuru? Sikuuliza. Mtaa wenye watu wengi hivi, na hakuna aliyeuliza.

Sasa majivu. Hapa ninaandika polepole.

Kwetu sufuria zinasuguliwa kwa majivu. Mama yangu alisugua kwa majivu na mama yake pia; sabuni ni ya nguo na ya mwili. Na sufuria ya mtu anayekaanga samaki hupata masizi kuliko ya mtu mwingine. Majivu ya jiko langu ni machache na yana chengachenga. Nimefungua daftari la miaka miwili iliyopita nione nani alianza, kwa sababu nilitamani sana iwe ni yeye. Si yeye. Imeandikwa kwa mkono wangu: "Leo nimekwenda kwa Mzee wa Betri kuomba majivu. Nilidhani atanicheka. Hakunicheka. Alinijazia kopo. Mazuri sana, laini kama unga, sufuria inang'aa mpaka nimejiona meno."

Basi ikawa kila Jumamosi. Mwanzo nilikwenda mwenyewe, halafu nikamtuma Akinyi. Na kusugua ikawa kazi ya Akinyi, maana alikuwa amefikisha umri wa kusaidia, na aliipenda. Alikaa chini na sufuria kubwa kati ya miguu, majivu yamelowana hadi kwenye viwiko, akiimba hesabu za shule. Mara saba moja saba, mara saba mbili kumi na nne. Akiwashwa pua alijikuna kwa mkono ule ule. Kidole kikienda mdomoni kilikwenda. Nani anamlinda mtoto asile majivu ya kuoshea vyombo? Tena tulipikia ndani ya sufuria zile, tukala.

Tumbo lilianza kumsokota. Kituo cha afya wakampa dawa ya minyoo. Likaendelea, wakampa tena. Akawa mweupe chini ya macho, hapati choo, kichwa kinauma, wakasema malaria, wakasema taifodi. Kisha mwalimu wake akaniita. "Mama Akinyi, huyu alikuwa wa mbele. Sasa namuuliza kitu ya jana, ananiangalia." Nyumbani nilimwambia aniimbie ile ya saba. Akafika mara saba nne akanyamaza. Akarudia mwanzo. Akafika mara saba nne. Akaniangalia kama mimi ndiye niliyelificha jibu.

Daktari aliyeliona ni mwanamke kijana, mgeni pale hospitalini. Yeye hakuandika dawa haraka. Aliuliza kama kuna anayeyeyusha betri karibu. Nikasema yuko, lakini ni ng'ambo ya mfereji na mwanangu nimemkataza kucheza huko. Akauliza maji tunatoa wapi, nyumba imepakwa rangi gani, mtoto anakula udongo? Hapana, hapana. Halafu akauliza kama mtu anayemaliza orodha, "Na vyombo mnaosha na nini?"

"Majivu."

"Ya jiko lako?"

Nakumbuka niliangalia mikono ya Akinyi. Ilikuwa safi, nilikuwa nimemwogesha kwa ajili ya hospitali.

"Ya mzee," nilisema.

Daktari akaweka kalamu chini. Damu ilipelekwa mbali, majibu yakachukua majuma. Yaliporudi alinieleza kwa Kiswahili rahisi, namshukuru. Risasi haina harufu wala uchungu, ikiingia kwa mtoto inakaa kwenye mifupa na inasumbua akili inayokua. Iliyokwisha kuingia ni vigumu kuifuata. Kazi ni kuzuia nyingine. Vumbi ni baya, majivu ni mabaya zaidi. Nguo za aliyefanya kazi hiyo ni mbaya vile vile, anaweza kuipeleka kwa watoto bila kujua. Mtoto apate mboga za majani, vyakula vya kuongeza damu, maziwa.

Aliposema nguo, nililiona lile sanduku la bati. Aliposema maziwa, niliiona ile nusu lita ya saa nne.

Nilimpigia Baba Akinyi simu. Nikasikia trekta. Kisha akasema, "Kwani ni nani alimtuma mtoto huko?" Alikata. Baadaye alipiga tena akaomba msamaha, akasema hakumaanisha. Lakini swali lilikuwa halali, siwezi kumlaumu kwa kuuliza.

Nilifanya nilichofanya. Nilitupa sufuria zote tatu. Nilichimba udongo wa pale Akinyi alipokuwa akikaa nikaujaza kwenye gunia. Kisha nikaenda kwa afisa wa afya ya umma nikamtaja yule mzee kwa jina lake, jina ambalo hapa siliandiki. Afisa alikuja na vijana wawili na barua. Mzee wa Betri aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja vizuri, akaniangalia ng'ambo ya mfereji. Nilingoja neno. Nilitaka anitukane, ningekuwa na jibu siku hiyo. Akageuka akaingia ndani. Kabla ya majuma mawili alikuwa amehama, na pale palibaki duara jeusi lisiloota nyasi.

Wavuvi ndio walionitukana badala yake. "Mama Akinyi," mmoja alinipigia kelele mbele ya wateja, "sasa nyavu tuzamishe na nini? Njoo ukae ndani ya maji utushikie kamba!"

"Nitakaa," nilisema, "ukinilelea mtoto."

Hilo lilikuwa jibu la kwanza maishani lililonijia kwa wakati. Halikunisaidia. Kwa muda waliacha kununua kwangu.

Leo basi. Nilijidanganya kwamba ninakwenda Awasi kununua maharagwe. Maharagwe yapo Kisumu. Nilifika sokoni, nikauliza, nikaonyeshwa nyumba ya binti yake nyuma ya maghala ya mahindi. Njiani nilikuwa ninatafuta moshi kwa macho. Nilitaka kuukuta, niseme ni mpumbavu tu, anawachoma hata wake. Na niliogopa kuukuta, kwa sababu wale watoto hawana kosa.

Hapakuwa na moshi. Kulikuwa na kiwanja kilichofagiliwa, ng'ombe mmoja wa maziwa, na wajukuu wanne wanaorukaruka kamba kwa sauti kubwa, wakihesabu. Walihesabu mpaka mbali bila kukosea. Nilisimama kwenye uzio nikiwasikiliza, nikaona chuki yangu inapanda mpaka kwenye meno.

Yeye alikuwa kwenye kiti cha plastiki. Amekonda. Mikono yote miwili ilikuwa juu ya mapaja na viganja vimening'inia kutoka kwenye vifundo, kama shingo za wale bata. Alijaribu kuuinua mmoja kunisalimu, ukakataa kusimama.

"Mwalimu," alisema. "Umefika."

"Nimefika, Jaduong'."

Binti yake akaleta kigoda, akaniangalia sana, akaingia ndani. Alijua mimi ni nani.

"Akinyi?"

"Yuko."

"Anasoma?"

"Anarudia gredi ya pili."

Akatikisa kichwa. Watoto wanahesabu. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi, yakapotea, likabaki moja.

"Ulijua?"

Aliangalia mikono yake. "Nilijua inauma. Mama ya huyu," akaelekeza kidevu mlangoni kwa binti yake, "mimba mbili zilimtoka. Yeye ndiye aliunganisha na hii kazi. Aliniambia, hiyo kazi yako ifanye lakini usiniletee nyumbani, wala mtoto wangu asikanyage hapo. Nikatii. Yeye alikufa, mimi nikaendelea kutii. Nguo, viatu, kila kitu. Hakuna daktari aliniambia. Ni yeye tu."

"Na majivu?"

"Majivu uliomba wewe."

"Ningekuja kuomba kisu ya kujichinja ungenipa?"

Hakucheka. Mara ya kwanza nimemkuta hana la kuchekesha.

"Mama Akinyi," alisema, akaliacha lile la mwalimu, "mtaa yote ilikuwa inanipita imeziba pua. Wavuvi wanakaa kwangu kwa sababu wanangoja mzigo; wakipata wanaenda. Wewe ulikuja na kopo. Ukapiga hodi. Ukasema tafadhali, Jaduong'. Mimi sijaombwa kitu na jirani tangu mke wangu afe. Nikasema moyoni, kidogo tu, ya kuoshea vyombo, haitafanya kitu."

"Haikuwa kidogo. Ilikuwa kila Jumamosi."

"Kila Jumamosi," alikubali. "Nilikuwa nakuchungia. Na chekecheo. Nilikuwa naanza Ijumaa jioni, isikuwe na makaa."

Laini kama unga. Niliandika hivyo mwenyewe. Yale makaa aliyoyatoa ndiyo yasiyo na sumu, na kilichobaki kwenye kopo ndicho kilikuwa kibaya kuliko vyote, na alikitengeneza kwa makini kama mtu anayepepeta unga wa wageni. Kama angesema hakujua ningerudi na chuki nzima. Kama angesema alijua na hakujali, vile vile. Sasa nimepewa hii, na haibebeki vizuri.

"Siwezi kukusamehe," nilimwambia. "Sitaki nikudanganye."

"Sikuomba msamaha." Kisha, "Umeniandika kwa ile daftari?"

"Nimekuandika."

"Na mafuriko?"

"Nayo."

"Andika sikuwahi kunyima mtu."

"Hiyo ndiyo shida, Jaduong'."

Akafumba macho. Niliondoka bila kumwambia kwaheri, na hilo si tabia yangu. Nilikuwa nimefika kwenye uzio binti yake aliponifuata na chupa ya lita mbili imejaa maziwa. "Mzee amesema ya Akinyi," alisema. Nilitaka kumrudishia. Nikauliza ng'ombe anakula wapi, anakunywa maji gani, chupa iliwekwa nini kabla. Alinijibu yote bila kukasirika, akanionyesha shamba la nyasi, kisima, na jiko lake ambalo halijawahi kuwasha kitu ila kuni. Kisha aliongeza jambo moja, kwamba baba yake sasa hulishwa kwa kijiko. Nilichukua chupa. Sikusema asante, ama nilisema kwa sauti ndogo, sina hakika.

Njia nzima niliipakata nikifikiri nitaimwaga mferejini. Daktari alisema maziwa. Yule mzee pia alisema maziwa, miaka yote ile, na mimi nikidhani ni mchezo wa wazee. Nilipovuka pale palipokuwa moto wake nilisimama. Bado hapajaota nyasi. Nikaendelea mpaka nyumbani.

Akinyi aliniuliza maziwa ni ya nani. Sipendi kumdanganya mtoto. Nilimwambia ni ya ng'ombe wa Awasi, na huo si uongo, ingawa najua nimeacha nini nje. Akanisaidia kuchambua mboga huku akiimba ile ya saba. Mara saba nne akanyamaza. Nilingoja, sikumsaidia, nikishika kisu. "Ishirini na nane," alisema mwishoni, kama anayeuliza. Ya tano haikuja.

Tumekula ugali na akeyo, mboga ya mgagani, niliyoichemsha kwa maziwa yale, katika sufuria mpya, iliyooshwa kwa sabuni. Akinyi alimaliza ya kwake akaongezwa.